Gunia Lisilo na Mwenyewe

Iwapo umewahi kusafiri kwa matatu kutoka Meru hadi Embu, ukapitia Nkubu, Igoji, Chuka na Runyenjes, basi bila shaka umewahi kuketi karibu na gunia usilomjua mwenyewe. Huenda lilikuwa gunia la viazi, la ndizi mbichi au la maparachichi. Huenda pia lilikuwa la majani, kwa kuwa nchi hii yetu ni nchi ya majani. Pikapu za miraa kutoka Igembe huteremka barabara hiyo kwa kasi ya kutia hofu. Kutoka nyanda za Mbeere husafirishwa muguka, ambao kaunti za Mombasa na Kilifi ziliupiga marufuku Mei 2024, na Mahakama Kuu ya Embu ikaisimamisha marufuku hiyo kabla ya mwezi kwisha. Miraa nayo ni halali pale Maua, lakini tangu Juni 2014 mtu akipatikana nayo mjini London huhesabiwa mhalifu. Jani ni lile lile. Kilichobadilika ni sheria ya mahali.

Katikati ya majani hayo ya halali hupenya bangi. Nyingine hutoka Ethiopia kupitia Moyale, Marsabit na Isiolo. Nyingine imewahi kupandwa humu humu kwetu, kwani uchunguzi wa angani uliofanywa mwaka 1999 ulikuta mashamba ya bangi ndani ya msitu wa Mlima Kenya. Basi askari wetu wana kazi, na kazi yenyewe si haba. Sitaki mtu adhani kwamba naandika haya ili kuwabeza.

Leo nimekusudia kusimulia habari za gunia moja tu. Mwaka 2017 kijana mmoja niliyepata kumfundisha Kiswahili alikamatwa kwenye kizuizi cha polisi katika barabara hiyo. Jina lake sitalitaja, wala kituo alichopelekwa, wala mahakama ya hakimu iliyomhukumu. Alikuwa abiria. Chini ya kiti alichokalia pamoja na mtu mwingine palikutwa gunia, na ndani yake majani makavu. Yule mtu mwingine aliteremka katika vurugu zile akatokomea. Utingo aliulizwa maswali mawili matatu pale pale barabarani, kisha gari likaruhusiwa kuendelea na safari. Kijana alishtakiwa kwa ulanguzi wa mihadarati, akapewa kifungo cha miaka 10 na juu yake faini ya shilingi milioni moja.

Baada ya hukumu, mama yake alinijia nyumbani jioni akiwa na bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na nakala ya mwenendo wa kesi, iliyopigwa chapa kwa Kiingereza, kurasa arobaini na kitu.

"Mwalimu," aliniambia, "mimi sikusoma. Nisomee unieleze mwanangu amefungwa kwa neno gani."

Nilimsomea kwa siku tatu, na katika kumsomea nilijisomea mwenyewe. Nakiri kwamba hapo awali nilikuwa miongoni mwa wale wasemao ya kwamba mtu hafungwi bure, na kwamba rufaa za kesi za mihadarati ni ujanja wa matajiri na mawakili wao wa kutafuta vijitundu katika sheria. Kurasa zile zilinifunza vingine, na ndiyo sababu ya kuwaandikia walimu wenzangu na wanafunzi.

Kwanza, sheria yenyewe. Sheria ya kudhibiti mihadarati ilipitishwa na Bunge letu mwaka 1994, na ndani yake kuna makosa mawili ambayo watu wengi huyachanganya. Moja ni kupatikana na mihadarati. La pili ni kuilangua. Kwa sheria ilivyokuwa siku hizo, aliyepatikana na bangi akaishawishi mahakama kwamba ilikuwa ya matumizi yake mwenyewe alikabiliwa na miaka 10, na asiyeweza kushawishi hivyo, miaka 20. Lakini mlanguzi alikabiliwa na kifungo cha maisha, pamoja na faini ya shilingi milioni moja au mara tatu ya thamani ya mihadarati hiyo, kutegemea ipi ni kubwa zaidi. Ufa kati ya makosa hayo mawili ni mpana mno. Ndiyo maana Mahakama ya Rufaa ilisisitiza mwaka 2007 kwamba haitoshi kumwita mtu mlanguzi: hati ya mashtaka sharti iseme alikuwa akifanya nini hasa, kama ni kuuza, kuhifadhi, kusafirisha au kugawa, na ushahidi uletwe wa kuthibitisha jambo hilo. Rufaa nyingi huishia hapo. Mkata rufaa haachiliwi huru, bali kosa lake huteremshwa kutoka ulanguzi hadi kupatikana na mihadarati, na miaka yake jela ikapungua.

Bunge liliirekebisha sheria hiyo mwaka 2022. Sasa adhabu ya ulanguzi imefungamanishwa na uzani, na gramu 100 ndizo mpaka. Atakayevuka mpaka huo aweza kufungwa miaka 50. Ndiyo kusema kwamba mizani ya kituo cha polisi, ambayo zamani haikupewa uzito mkubwa, siku hizi inaamua umri wa mtu utakwishia wapi.

Turudi kwenye kurasa zile. Bahati ya kwanza ya kijana huyu ni kwamba alikana mashtaka tangu siku ya kwanza. Watu hawajui jambo hili, nami nawasihi walimu walifundishe: kwa mujibu wa kifungu cha 348 cha sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai, aliyekiri kosa mbele ya hakimu hawezi kukata rufaa kupinga kutiwa hatiani, isipokuwa kulalamikia ukubwa wa adhabu au uhalali wake. Mlango umefungwa, na ameufunga yeye mwenyewe kwa maneno mawili: "Ni kweli." Nimewahi kukaa kwenye viti vya nyuma vya mahakama nikasikia vijana wakitamka maneno hayo kwa uchovu wa kulala rumande, au kwa kuwa wameambiwa kwamba anayekiri huonewa huruma. Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri mwaka 1973, iliweka utaratibu wa namna ya kupokea kukiri: mashtaka yasomwe kwa lugha anayoielewa mshtakiwa, majibu yake yaandikwe kwa maneno yake mwenyewe kadiri iwezekanavyo, maelezo ya kosa yasomwe, na apewe nafasi ya kuyakubali au kuyapinga. Mzee wa Tharaka anayezungumza Kitharaka peke yake, akisomewa mashtaka kwa Kiswahili cha haraka haraka, akaitikia kwa kichwa, huyo amekiri nini?

Basi kijana alikana, kesi ikasikizwa, na mashahidi wanne wakaja. Wa kwanza, askari wa kizuizini, alisema gunia lilikuwa chini ya kiti. Wa pili, mwenzake waliyekuwa naye zamu moja, alisema lilikuwa nyuma ya kiti, karibu na mlango. Kwa mtu wa kawaida tofauti hiyo ni ndogo. Lakini katika matatu yenye abiria kumi na wanne, hatua moja ya gunia hulihamisha kutoka kwa mtu hadi kwa mwingine. Sheria yasema kwamba kumiliki kitu si kukaa karibu nacho. Sharti uwe unakijua na uwe na mamlaka juu yake. Ni nani basi aliyejua gunia lilipakiwa wapi, na nani, na nani aliyelilipia nauli? Ni utingo. Utingo hakuitwa mahakamani, wala dereva, wala abiria hata mmoja. Hakuna maelezo yoyote katika kurasa zile arobaini ya kwa nini hawakuitwa.

Pengo la pili lilikuwa la mizani. Sheria ile ile ya 1994, katika kifungu cha 74A, inaagiza kwamba mihadarati iliyokamatwa ipimwe yote mbele ya mshukiwa inapowezekana, mbele ya wakili wake kama anaye, na mbele ya mtaalamu wa maabara, na mtaalamu huyo ndiye achukue sampuli ya kwenda kuchunguzwa. Shahidi wa tatu, mpelelezi wa kesi, alieleza kwamba alipima gunia peke yake ofisini, mshtakiwa akiwa seli, akatoa sampuli kwa mkono wake, akaitia katika bahasha. Hati ya mashtaka ilitaja kilo 18. Fomu iliyopelekwa kwa Mkemia wa Serikali ilitaja kilo 15. Kilo tatu za bangi zilikwenda wapi? Labda mizani miwili tofauti ilitumika. Labda kalamu iliteleza. Mpelelezi alipoulizwa alijibu kwamba hakumbuki, na hakimu akaandika kwamba tofauti hiyo haina uzito. Neno alilotumia la Kiingereza ni "immaterial", na mama wa kijana aliponiuliza maana yake nilishindwa kumjibu upesi.

Pengo la tatu ni safari. Maabara ya Mkemia wa Serikali ya kuhudumia upande wetu iko Nairobi, mwendo wa zaidi ya kilomita 200 kutoka Meru. Sampuli ilipokelewa huko siku 19 baada ya kijana kukamatwa. Kwa siku hizo 19 ilikuwa wapi? Iliwekwa katika chumba gani, ufunguo akiwa nao nani? Jina la askari aliyeibeba hadi Nairobi limo katika fomu, lakini askari mwenyewe hakuletwa kutoa ushahidi. Ripoti ya mkemia ilisema wazi kwamba alichochunguza ni bangi, na ripoti ya namna hiyo ina nguvu mbele ya mahakama. Hakuna aliyebisha. Kilichobishaniwa ni iwapo majani aliyochunguza mkemia ndiyo yaliyotoka katika gunia lile. Katika nchi ambayo kila kituo cha polisi kina magunia ya majani yanayongoja kesi, swali hilo si la kejeli. Mnyororo wa vielelezo ni kama kijiti cha mbio za kupokezana ambazo wanafunzi wetu hukimbia: kila mmoja sharti aonekane akimkabidhi mwenzake.

Nalo la nne, thamani. Faini ya mlanguzi hutegemea thamani ya soko, na kifungu cha 86 kinadai cheti cha afisa aliyeidhinishwa na waziri kwa tangazo la Gazeti Rasmi la Serikali. Katika kesi hii thamani ilitajwa na mpelelezi kwa kukadiria. Hapakuwa na cheti. Pengo hili ni la upande wa adhabu zaidi kuliko hatia, kwa hiyo sitakaa nalo.

Mtu aliyefungwa na mahakama ya hakimu ana siku 14 za kukata rufaa. Siku hizo zilikwisha kijana akiwa bado anangoja nakala ya hukumu. Hali hiyo ni ya kawaida mno, na kwa bahati sheria inairuhusu Mahakama Kuu kuongeza muda kwa sababu ya haki. Sababu za rufaa aliziandika mwenyewe gerezani, akisaidiwa na mfungwa mwenzake aliyekuwa amezoea kuwaandikia wengine. Mimi nilimpelekea mama maelezo ya yale niliyoyaona katika kurasa, naye akayapeleka siku ya kumtembelea. Wakili hakuwapo. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 50, inamhakikishia kila mshtakiwa kwamba atahesabiwa hana hatia hadi ithibitishwe, kwamba akihukumiwa ana haki ya kukata rufaa, na kwamba serikali itampa wakili iwapo bila ya hivyo patatokea dhuluma kubwa. Sheria ya msaada wa kisheria ilifuata mwaka 2016. Lakini masikini wengi wa Meru na Embu bado husimama wenyewe mbele ya jaji wakiwa na karatasi mbili zilizoandikwa kwa mkono.

Rufaa ilisikizwa mwaka 2019, nami nilikwenda. Sikusikia hotuba yoyote. Kijana alisema kwamba anategemea aliyoyaandika, akaketi. Wakili wa serikali alipinga rufaa kwa takriban dakika kumi, akisema kwamba mihadarati imeharibu vijana na kwamba mkemia amethibitisha ni bangi. Jaji akapanga siku ya hukumu.

Hukumu iliposomwa ilianza na kesi ambayo kila mwanafunzi wa sheria huijua, ya Okeno dhidi ya Jamhuri ya mwaka 1972, isemayo kwamba mahakama ya kwanza ya rufaa haiishii katika kukubaliana na hakimu, bali sharti iupime ushahidi wote upya na kufikia uamuzi wake, ikikumbuka tu kwamba yenyewe haikuwaona mashahidi. Kisha ikaja kesi ya Bukenya na wenzake dhidi ya Uganda, ya mwaka huo huo. Upande wa mashtaka una wajibu wa kuwaleta mashahidi wote wa lazima, hata kama ushahidi wao huenda ukaidhuru kesi. Na pale ulioletwa unapokuwa haba, mahakama yaweza kuchukulia kwamba wale walioachwa wangesema kinyume. Kesi zote hizo, pamoja na ile ya Adan, zilitoka katika Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, iliyokufa mwaka 1977 pamoja na Jumuiya ya wakati ule. Jumuiya ilivunjika, mali zikagawanywa kwa ugomvi, lakini maneno ya majaji wale bado yanamfungua mtu pingu leo, awe Kampala au Embu. Nikiwa mwalimu nilifurahishwa na jambo hilo kuliko nilivyotarajia.

Jaji alisema kwamba utingo alikuwa shahidi wa lazima, kwamba tofauti ya kilo tatu haikuelezwa, na kwamba haikuthibitishwa pasipo shaka kuwa gunia lilikuwa la mkata rufaa. Wakili wa serikali aliomba kesi irudiwe upya. Jaji alikataa, akitaja kesi ya Fatehali Manji ya mwaka 1966, ambayo inakataza kurudia kesi ili kuupa upande wa mashtaka nafasi ya kuziba mapengo ya ushahidi wake. Ikaamriwa kijana aachiliwe, isipokuwa kama anazuiliwa kwa sababu nyingine ya halali. Alikuwa amekaa ndani miaka miwili, ukihesabu na rumande.

Siku iliyofuata niliyaeleza hayo katika chumba cha walimu, nikajibiwa vikali. Mwenzangu mmoja, mwalimu wa Hisabati na mtu ninayemheshimu, aliniuliza: "Mwalimu, na huyo akirudi kesho na gunia jingine, tukampata mtoto wetu wa kidato cha pili amelala nyuma ya choo, utamtajia kesi za Uganda?" Swali lake halikuwa la upuuzi. Sote tuliomo katika kazi hii tumewahi kumwona mwanafunzi hodari akipotea hivyo, daftari baada ya daftari, mpaka kiti chake kikabaki kitupu. Mimi nimewaona watatu, na mmoja nilihudhuria maziko yake.

Nilimjibu hivi, na hata sasa sioni jibu jingine. Ikiwa gunia lile lilikuwa la kijana huyu, basi aliyemfungulia mlango si jaji. Ni yule aliyemwacha utingo aende bila hata kuandika jina lake, akapima gunia peke yake, akakaa na sampuli siku 19. Kumwita mshukiwa atoke seli atazame mizani ni kazi ya dakika tano. Kuandika jina la utingo na nambari ya simu yake hakuhitaji bajeti. Na ikiwa gunia halikuwa lake, basi mwenye gunia hajawahi kutafutwa hata siku moja, kwa sababu palikuwa na mtu mwingine tayari gerezani kwa niaba yake, na jalada likafungwa. Katika hali zote mbili mlanguzi ndiye aliyenufaika na uvivu ule. Mwenzangu alitikisa kichwa, akasema kwamba mimi siku hizi nimekuwa wakili. Hatukuafikiana, na kengele ikalia.

Wanafunzi wangu wa kidato cha nne, ambao niliwapa habari hii kuwa mada ya mjadala, hawakuvutiwa sana na Okeno wala Bukenya. Msichana mmoja wa Runyenjes alinyosha mkono akaniuliza jambo moja tu: "Lakini Mwalimu, gunia lilikuwa lake au halikuwa?"

Kijana huyo sasa anauza vipuri vya pikipiki. Kila nipitapo dukani kwake huniamkia kwa adabu, hunitolea kiti, na mama yake akiwapo hunitengenezea chai. Tumezungumza mengi, ya siasa, ya mvua, ya bei ya mafuta. Swali la yule msichana sijamuuliza, naye hajawahi kulijibu.